Zimwi Lililolinyima Ziwa Kata ya Kwanza

Sogeeni, ngano hii ina maji.

Palikuwa na ziwa la watu wote. Kila aliyechota, kata ya kwanza alilirudishia ziwa akisema, "Kunywa wewe kwanza." Zimwi likaja, likachimba mfereji, likayapeleka maji yote kwenye miwa yake. Watu wakagawiwa miwa, wakatafuna, wakanyamaza. Ila Kabula mfinyanzi, alipoona mtungi wake mkavu, damu ilimchemka.

Akaenda. "Zimwi, ziwa umelipa kata yake?" Likacheka. Akarudi tena, likacheka mpaka likapaliwa. Mara ya tatu Kabula akapaza sauti, "Basi ziwa, kunywa mwenyewe!"

Wacha wee! Mfereji ukageuka, maji yakarudi mbio yamebeba miwa na zimwi lenyewe likilia, "Narudisha! Narudisha!" Ziwa likalimeza pamoja na pembe zake.

Watu wakakimbilia ufukoni na mitungi. Lakini kila aliyetafuna muwa, kata yake ilitoka tupu.

"Kabula, mwanetu, tuombee!"

"Niwaombee? Midomo mlikuwa nayo, mkaijaza miwa. Kafukieni mfereji kwanza!"

Wakaufukia, kwa mikono ile ile iliyopokea miwa, ndipo kata zao zikatoka na maji.

Ngano nimeimwaga. Atakayeichota, asisahau kata ya kwanza.