Kasisi Aliyesema Sijui

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani kwamba zamani, katika mji mmoja wa Nubia, aliishi mwanamke mcha Mungu jina lake Damiana. Mumewe, Yoeli, aliingia jangwani na msafara wa chumvi, na misimu miwili ya mavuno ikapita bila habari zake. Damiana akabaki hajui kama ni mke au mjane.

Akamwendea Kasisi Isidori wa kanisa lake. Huyu alikuwa mzee wa mahubiri makavu. Waumini walisinzia kabla hajafika katikati, nami siwalaumu sana. Damiana akamsihi amwulizie kwa Mola kama mumewe yu hai.

"Sijui, mwanangu," Isidori akasema. "Mungu hajaniambia, nami siwezi kumsingizia. Lakini nitasali pamoja nawe."

Jibu hilo lilimuuma Damiana. Mtumishi wa Mungu gani huyu asiyejua? Akahamia kwa mhubiri mpya aitwaye Kalisto, ambaye sifa zake zilivuma mji mzima na ibada zake zilijaa hadi nje. Kalisto hakumkawiza. Alimwambia ameoneshwa katika maono kwamba Yoeli amekwisha kufa, na kwamba Mungu huyohuyo amekusudia Damiana aolewe na mdogo wa Kalisto mwenyewe, na nyumba ya Damiana iwe mali ya jumuiya ya Kalisto. Damiana akaomba kwanza ashauriane na Kasisi Isidori. Kalisto akakunja uso.

"Ukimwuliza mwingine," akasema, "umemshuku Mungu."

Maneno hayo yalimkaa rohoni vibaya. Akarudi kwa Isidori kwa aibu, akamweleza yote, akitaraji mzee atamponda mwenzake. Isidori alimwambia tu kwamba huenda Kalisto ameona kweli, na yeye hawezi kukana asilolijua. Akamsihi asiharakishe, alipime kila neno analoambiwa, hata la kwake yeye Isidori. Damiana akaamua kusubiri, na Kalisto akamtangaza mbele ya waumini wake kuwa ni mwasi.

Haukupita muda mrefu, msafara ukarejea na habari kwamba Yoeli alifariki jangwani kwa homa. Mji ukashika kichwa. Jirani yake Damiana, mfuasi wa Kalisto, akaja kumsihi.

"Dada yangu, si umeona? Kalisto alisema kweli. Rudi ukatubu."

Damiana alikuwa ameketi mkekani, macho yamemvimba. Kando yake alikuwapo Isidori, aliyefika tangu asubuhi na hakuwa amesema zaidi ya pole.

"Kalisto alipatia," Damiana akajibu. "Lakini siku aliyoniambia mume wangu amekufa, hakunipa pole. Alinipa bwana harusi."

Jirani akasogea hadi mkekani. Akavua viatu, akaketi, akalia pamoja naye.

Ndugu zangu waumini, tunapotafuta kanisa wengi wetu huuliza ni wapi pana mtu anayejua mambo, na si vibaya kuuliza. Ila tumtazame pia huyo anayejua, anayafanyia nini machozi yetu. Mola atujalie wachungaji wasioona haya kusema sijui, nasi atupe subira ya kuwasikiliza, hata wanapohubiri makavu.