Hodi ya Tatu

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, hata nyinyi mnaopenda kuegemea ukuta wa nyuma.

Palikuwa na mwalimu mmoja aliyependa Kiingereza kuliko chai ya asubuhi. Si kile cha kuombea maji. Alitaka maneno makubwa, yale yanayowafanya watu wakunje uso. Mvua ikinyesha alikaa dirishani, akafumba macho, nayo yakamjia kama kumbikumbi kwenye taa. Aliyatamka polepole, akitabasamu peke yake.

Lakini moyoni alikuwa na mwiba. Dada yake, aliyemlea na kumsomesha kwa kukaanga mihogo, aliwahi kuwasalimia wageni wake kwa Kiingereza cha kuokoteza, naye mwalimu akamcheka mbele yao. Tangu siku ile dada hakukanyaga kwake. Mwalimu aliumia sana. Alitaka kuomba radhi, ila "nisamehe" aliiona nyepesi mno, neno la kila mtu. Akawa anatafuta lililo zito.

Jioni moja ya manyunyu, akiwa nusu macho nusu ndotoni, maneno yake yakielea chumbani, alisikia nje sauti aliyoijua tangu utotoni.

"Hodi!"

Akaenda mbio mlangoni. Akasimama nyuma ya mlango, akaanza kuyajaribu maneno yake ya Kiingereza. Hili? Hapana. Labda lile.

"Hodi wenyewe!"

Mwalimu akapaza sauti kidogo, ili neno litoke vizuri.

"Hodi..."

Nanyi mnaijua desturi yetu. Hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni hurudi alikotoka.

Alipofungua, alikuta kikapu cha mihogo, bado ya moto, na jirani akianua nguo.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Ameondoka, Mwalimu. Kasema amesikia Kizungu humo ndani, kumbe una wageni. Hataki kukutia aibu tena."

Na sisi je? Tunapamba sala zetu, tunangoja siku nzuri ya kupatana, tunatafuta maneno ya kufaa, na huku mtu wetu amesimama kwenye manyunyu. Mnadhani dada yule alifuata msamiati? Inaniuma nikimfikiria akishuka kilima mikono mitupu. Alihitaji neno moja tu, na mwalimu alilijua kabla hajamaliza kuota meno.

Karibu.