Waliolala Kule Nyuma

Kimya cha barazani huandikwa ndiyo. Jana mlimsikia mama mmoja akilisema neno hilo mkutanoni, nanyi mkacheka kwa jinsi lilivyomkatisha mtendaji maneno. Leo mnaniuliza limetoka wapi. Haya, endeleeni kupukuchua mahindi huku mkisikiliza. Methali hii ilianza hivi, wala haikuanza kwa kicheko.

Huko Kwizara, juu milimani, aliishi mwanamke aitwaye Namkunda, mke wa Kajiru fundi seremala. Walikuwa watu wa kupendana, lakini nyumba yao haikuwa na sauti ya mtoto. Si kwamba Namkunda hakushika mimba. Alibeba mbili hadi miezi yake ikatimia, na mara zote mbili mtoto alizaliwa amekwisha kufa.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wa Kwizara wakati huo. Mtoto aliyetoka tumboni bila kulia hakuwekewa matanga. Wanaume hawakuchimba kaburi lake wala hawakuuliza lilipo. Mkunga na wanawake wachache walimfunga katika kanga, wakampeleka kwenye mteremko uliokuwa ng'ambo ya migomba ya mwisho, wakamzika na kupanda mche wa sale juu yake. Kisha walinawa mikono, wakarudi nyumbani, na habari ikaishia hapo. Mteremko ule haukuwa na jina. Wanawake walipokuwa peke yao waliuita Kule Nyuma. Wanaume waliyaona masale yale wakayadhania mipaka ya mashamba ya zamani, maana sale hupandwa mpakani pia.

Mkunga wa wakati huo alikuwa Bibi Nasemba. Ndiye aliyemwambia Namkunda mara ya kwanza, na mara ya pili, "Usilie, mwanangu. Ukilia utalifunga tumbo." Namkunda akatii. Tumbo likafunga hata hivyo.

Watu wa kwetu humwita mwanamke kwa jina la mwanawe: Mama Eliamani, Mama Sifaeli. Namkunda waliendelea kumwita mke wa Kajiru hata alipoanza kuota mvi. Lakini kila alipokwenda kutafuta kuni alipitia Kule Nyuma, akang'oa magugu kwenye masale yake mawili, akakaa kidogo. Pale, na pale tu, alikuwa mama wa mtu.

Ikawa halmashauri imeleta habari ya maendeleo. Barabara ya lami itapanda kutoka bondeni, na Kwizara itapata stendi na soko. Hakuna aliyeweza kuichukia habari hiyo. Mvua zilizopita mke wa mwalimu alikuwa amefia njiani akiteremshwa kwa machela, akiwa na uchungu wa kuzaa. Watu walipiga vigelegele. Kisha ikajulikana kwamba mahali penye nafasi ya kutosha kwa stendi ni ule mteremko wa masale, na wanawake wakaacha kupiga vigelegele.

Mtendaji alipita na kipaza sauti akitangaza mkutano wa hadhara, kwamba kila mwenye maoni aje ayatoe. Siku hiyo wanawake walikutana mtoni kufua. Mmoja wao akasema, "Bibi Nasemba, wewe ndiwe uliyewazika. Wewe ndiwe wa kusema."

Bibi Nasemba alikuwa mzee sana sasa, amekaa juu ya jiwe, miguu ndani ya maji. Akajibu, "Nikisema mimi, nitakuwa nimezitaja nyumba zenu moja moja mbele ya waume zenu. Hilo siliwezi. Mwenye mtoto ndiye aseme."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Huyu mumewe hakujua kabisa kwamba aliwahi kupoteza mtoto. Yule mkwewe angesema ameleta mkosi. Namkunda akakamua kanga yake, akaiweka begani.

"Nitasema mimi," akasema. "Mimi sina cha kuficha. Kila mtu anajua kwamba sina mtoto."

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Afisa mipango alikuwa kijana kutoka mbali, Bwana Rugaimukamu, mpole, mwenye adabu kwa wazee. Alibandika mchoro wake ubaoni ili wote wauone. Akaeleza barabara itapita wapi, mabasi yatageuzia wapi, kina mama watauzia wapi ndizi zao. Kisha akasema neno ambalo baadaye lilirudiwa sana Kwizara.

"Huu mchoro bado ni wa penseli. Penseli inafutika. Kama mahali hapa pana kaburi, au tambiko, au chochote ambacho ninyi mnakijua na mimi sikijui, niambieni leo. Nitaisogeza stendi. Haitanigharimu kitu."

Namkunda akaiweka sawa kanga yake begani. Akainuka.

"Enhe, mke wa Kajiru!" akasema diwani, aliyekuwa ameketi meza kuu. "Anataka kibanda cha kwanza huyo!"

Watu wakacheka, kicheko cha kawaida tu, kisicho na ubaya. Namkunda akayaona macho yote yamemgeukia. Akamwona mumewe kati ya wanaume, naye akitabasamu, akimngoja aseme. Akamwona mama mkwe wake ameinamisha kichwa na kuivuta kanga hadi usoni. Akawatafuta wale wanawake wa mtoni, na kila mmoja alikuwa akitazama chini. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yakampotea. Angeanzaje? Angesema, pale panapoitwa wapi? Angewataja kwa majina gani, watoto ambao hawakupewa majina?

"Nilitaka kuuliza," akasema, na sauti haikuwa yake, "hiyo stendi... itakuwa na maji?"

"Swali zuri sana, mama," akajibu Bwana Rugaimukamu, akafurahi. Akaeleza habari ya bomba na tangi kwa urefu, kwa heshima zote. Watu wakapiga makofi. Namkunda akaketi.

Kijana yule akauliza tena kama kuna mwenye neno juu ya mahali pale. Akangoja. Akapitisha macho upande wa wanaume, kisha upande wa wanawake, asiwe na haraka. Mtoto mmoja mgongoni akapiga chafya. Basi. Afisa akamgeukia karani wake, akasema, "Andika: wananchi wameridhia, hakuna pingamizi." Namkunda aliyasikia maneno hayo waziwazi.

Njiani hakuna mwanamke aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ulimi wa kulaumu. Kila mmoja alijiambia kwamba mambo ya serikali huchelewa, na pengine hayo nayo yatasahauliwa. Namkunda alijiambia kwamba atakwenda mwenyewe ofisini, aongee na yule kijana faraghani. Kesho, alisema. Mvua ikaja, kisha palizi, kisha Kajiru akaugua malaria. Mambo ya serikali hayakuchelewa.

Asubuhi katapila lilipoanza kunguruma, Namkunda alikuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo. Hakuuliza ni nini. Aliitupa sufuria akakimbia, kifua wazi nusu, kupita kati ya migomba. Wanawake wengine walikuwa wakikimbia pia, kutoka kila nyumba, bila kuitana. Wanaume waliwafuata wakidhani kuna moto.

Walipofika, nusu ya mteremko ilikuwa imekwisha kung'olewa. Udongo mwekundu ulikuwa umesukumwa na kumwagwa korongoni, pale njia ya kuingilia stendi ilipotakiwa kupita. Masale yalilala humo yamepinduka, mizizi juu. Namkunda alishuka korongoni akaanza kuyainua moja baada ya jingine, akiyatazama, akiyaweka chini. Yote yalifanana. Dereva akazima mashine.

Bwana Rugaimukamu alikuja mbio. "Mama, utaumia humo! Unatafuta nini?"

"Wanangu," akasema Namkunda.

Wakati huo ndipo alipolia. Miaka yote aliyokuwa ameambiwa asilie ilitoka kwa sauti moja, na wanawake waliokuwa ukingoni wakaipokea, na kilio kikazunguka bonde lile kama matanga ya mji mzima. Bibi Nasemba alifika wa mwisho, akishikwa mkono, akawaeleza wanaume mahali pale palikuwa nini.

Kijana yule akavua kofia yake ya kazi. "Mama, niliuliza. Uliinuka. Nilikuona ukiinuka."

"Niliinuka, nikanyamaza."

"Kimya chako nilikiandika ndiyo," akasema. "Sikuwa na neno lingine la kukiandikia, mama yangu. Nisamehe."

Namkunda akainamia sale jingine, akaliinua. Hakuwa na ugomvi naye.

Kajiru akashuka korongoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mikono yake mikubwa ya useremala ilining'inia tu, isijue pa kushika. Alisimama mbele ya mkewe.

"Walikuwa hapa?"

"Walikuwa hapa."

"Wote wawili?"

"Wote."

"Wa kike au wa kiume?"

Namkunda akamtazama. Katika maisha yao yote hakuwahi kumwuliza. "Wa kwanza wa kike," akasema. "Wa pili wa kiume."

"Niliambiwa si vizuri mwanamume kuuliza," akasema Kajiru. "Nikanyamaza na mimi. Lakini siku ile ya mkutano ungelisema, Namkunda, ningelisimama nawe. Wallahi ningelisimama." Akaketi pale pale kwenye udongo, mtu mzima, akajifunika uso.

Na si yeye peke yake. Wanaume kadhaa waliondoka ukingoni taratibu, kila mmoja akamwendea mkewe, wakaulizana kwa sauti za chini mambo ambayo hayakuwahi kuulizwa katika nyumba zao.

Halmashauri ilitoa pole. Bwana Rugaimukamu alijitolea kuacha kipande cha ardhi kando ya stendi, kizungushiwe ua, kina mama wapande masale mapya. Baadhi walikubali, na wakapanda. Namkunda alikataa. "Niyapande juu ya nani?" aliuliza. "Mimi wangu wako chini ya barabara."

Stendi ikajengwa, na bomba la maji likawekwa kama alivyojibiwa. Nisiwafiche: barabara ile imeokoa watu wengi. Wanawake wenye uchungu hufika hospitali wakiwa hai, na watoto wao hulia. Namkunda mwenyewe alishukuru kwa hilo. Lakini katika uzee wake wote hakukanyaga njia ile ya kuingilia. Alipotaka kusafiri, alishuka kwa miguu njia ya zamani, ile ya machela, hadi bondeni, akalisubiri basi huko. Makondakta waliokuwa hawamjui walimshangaa: bibi kizee, na stendi iko mlangoni kwake! Kajiru alikwenda naye kila mara, akimbebea kikapu, mpaka alipofariki. Baada ya hapo Namkunda alishuka peke yake.

Tangu siku ile, mkutano unapoitishwa Kwizara, watu hufika mapema. Anapoulizwa mtu kama ana neno, naye akaanza kuinuka kisha akasita, walio karibu humshika mkono wamwinue kabisa, hata kama hawajui atasema nini, hata kama atasema wasilolipenda. Nao humwambia yale maneno ya afisa kijana kule korongoni, yaliyopita katika vinywa vingi hadi yakafupika yakawa methali.

Basi, wajukuu zangu, mama yule wa jana hakuwa akimkejeli mtendaji. Alikuwa akiwaambia ninyi, mlioketi nyuma mkinong'onezana: kimya cha barazani huandikwa ndiyo.