Waya wa Tano

Mtu mmoja wa milimani, Senkondo, alikuwa na gramafoni, na santuri moja tu ya kupiga. Alikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka arobaini. Santuri hiyo ilirekodiwa zamani, kwaya yake ilipoitwa mjini, na katika ubeti wa pili mkewe Nambike anaimba peke yake. Nambike alifariki siku chache baada ya kumzaa binti yao, Niwaeli. Senkondo aliifunga santuri ndani ya kanga ya marehemu, akaiweka juu ya kabati, na kwa miaka ishirini na saba hakuipiga hata mara moja. Uchungu haukumruhusu. Kwa hiyo binti hakuwahi kumsikia mama yake.

Sasa Niwaeli anaolewa. Kwao, bibi harusi hatoki nyumbani kabla mama yake hajamtamkia baraka mbele ya watu. Hakuomba kabati wala vyombo. Aliomba jambo moja, kwamba siku ya kumuaga, Jumamosi, sauti ya mama yake isikike badala ya baraka hiyo.

Jumanne Senkondo akaichomeka gramafoni kwenye umeme. Sauti ya ubeti wa kwanza ikaja, ikakatika, ikaja tena. Akafungua ule mkono mwembamba unaobeba sindano, akakuta nyaya za ndani zimechakaa. Zilikuwa tano. Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo alipopotea. Nyekundu, kijani, nyeupe na buluu zilikwenda mpaka kwenye sindano. Mweusi haukufika huko. Ulishikizwa kwenye chuma cha mkono, ukateremka chini, ukaishia kwenye skrubu nyuma ya kile kisanduku cha kukuza sauti. Senkondo akaziangalia kwa jicho la mwalimu wa kwaya. Kwaya ina sauti nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Huyu wa tano anafanya nini? Katika miaka arobaini alikuwa amewatoa wengi waliosimama mstarini bila sauti. Basi akabadilisha zile nne, akazilehemu kwa uangalifu mkubwa, na ule mweusi akauchomoa, akafungia mlango wa banda la kuku.

Alipowasha, mashine ikavuma. Vuuuu, mpaka vikombe vikatetemeka. Akadhani amekosea rangi, akabadilisha nafasi za nyekundu na kijani. Vuuuu. Akarudisha. Akafuta sindano, akahamisha meza, akazima friji, akamwomba jirani azime pasi. Jumatano nzima ilipita hivyo, na Alhamisi asubuhi akaanza kuyashuku masikio yake mwenyewe. Msimcheke. Mimi si fundi, na niliposimuliwa haya mara ya kwanza sikuelewa lolote.

Halafu, kwa bahati, vidole vyake vikagusa ule mkono wa sindano, na mvumo ukanyamaza. Akaachia, ukarudi. Akagusa, kimya. Hapo ndipo alipozidi kuchanganyikiwa, maana sasa alidhani ameelewa. Akamwita Niwaeli, akamwambia kwamba Jumamosi yeye baba yake atasimama hapo na kuushika mwenyewe mpaka wimbo uishe. Na alifurahi, tuseme ukweli. Alifurahi kuona mashine haiwezi kunyamaza bila yeye.

Ijumaa akajaribu. Lakini mkono wa sindano haushikwi. Lazima utembee wenyewe, polepole, kuelekea katikati ya santuri. Ubeti wa kwanza alijitahidi, akaugusa kidogo tu. Ubeti wa pili ukafika, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na saba akamsikia Nambike. Vidole vikaubana mkono wa sindano. Sindano ikaikwaruza santuri, ikaruka mbele. Akazima mashine, akakaa kitini bila kujua ameharibu nini, kisha akatembea haraka mpaka sokoni kwa Mbazi, fundi wa redio.

Mbazi alikuja, akachungulia nyuma, akauliza, "Mwalimu, waya mweusi uko wapi?"

"Niliutoa. Hauna sauti."

"Haukuwekwa uimbe, Mwalimu. Uliwekwa upeleke mvumo ardhini, ili wengine wasikike. Ulipokuwa umeshika pale, wewe ndiye uliyekuwa waya."

Senkondo akaenda bandani, akaufungua waya mlangoni, kuku wakatoka wote. Mbazi akaukwangua kutu, akaulehemu, akaukaza kwenye skrubu. Kazi ya dakika kumi. Akawasha bila kuweka santuri. Hakuna mtu aliyegusa kitu, na chumba kikawa kimya kabisa.

Jumamosi watu walijaa uani. Niwaeli akakaa kwenye mkeka karibu na spika, na baba yake akasimama mbali na mashine, mikono nyuma. Ubeti wa kwanza ukaimbwa, safi, sauti zote nne. Kisha kwaya ikanyamaza kumpisha Nambike. Wote wakamsikia akivuta pumzi aanze kuimba, na sindano ikafika kwenye mkwaruzo wa Ijumaa, ikaruka. Kwaya nzima ikaitikia wimbo ambao hakuna aliyeusikia.

"Rudia, Baba," akasema Niwaeli.

Wakarudia mara tatu. Kila mara alikuwepo kwa pumzi moja, halafu hayupo. Mara ya nne Senkondo hakuweza, akainua sindano, akalia mbele ya wakwe zake. Niwaeli akaagwa bila neno la mama yake, akaondoka.

Wengine waliniuliza kosa lilikuwa wapi, kwenye waya au kwenye vidole. Najua tu kwamba aliyetoa waya ndiye aliyeshika mkono wa sindano, na mara zote mbili alidhani anatengeneza.

Wewe uliyekuja leo ukiniambia kwamba kwako kumetulia tangu ulipowaondoa wasio na faida, na kwamba sasa kila kitu unakishikilia mwenyewe: ni sauti ya nani inayokwaruzwa chini ya vidole vyako?