Perege Alivyomfundisha Mwari Kuosha Chakula

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba, na mimi bado sijala. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Na bwawa!

Na bwawani mlikuwa na nini?

— Maji!

Haya, shikeni hapo hapo, maana hayo maji ndiyo yaliyokuwa yakiisha.

Mto ulifurika wakati wa masika, ukapanda mpaka mashambani, ukala mpunga wa watu, kisha ukarudi njia yake. Uliporudi ukasahau bwawa moja, na ndani ya bwawa ukasahau samaki. Jua likaanza kazi. Juzi maji yalifika kiunoni, jana magotini, leo kwenye vifundo vya miguu. Kutoka bwawani mpaka mtoni si mbali. Mwenye miguu angefika kabla hajamaliza kutafuna pingili moja ya muwa. Lakini samaki miguu ataitoa wapi?

Na pale ukingoni alikaa Mwari. Mwari mnamjua: ndege mkubwa, mdomo mrefu kama mwiko wa kupikia shughuli, na chini ya mdomo ana mfuko wa ngozi. Mimi nimepara samaki mwaloni, mitumbwi inaposhusha, miaka ishirini, na ndege huyu nimemwona akila kuliko nilivyomwona mume wangu akila. Anakula hivi. Anachota, chubwi! Mfuko unajaa maji na samaki. Anabana mdomo kifuani, chururu! Maji yanatoka. Anainua kichwa juu, glup! Samaki anateremka, kichwa kimetangulia. Asipomwaga, hamezi. Na asipoinua kichwa, hakishuki kitu, maana ndege huyu hana ufundi wa kufyonza.

Basi asubuhi, chubwi, chururu, glup. Mchana, chubwi, chururu, glup. Jioni, chubwi, chururu, glup. Samaki wakapungua, maji yakapungua. Mwari hakupungua.

Sasa huyu Mwari alikuwa mlafi, lakini mlafi mwenye madoido. Kila akimeza, analalamika. "Aa! Tope! Samaki gani hawa wananuka tope!" Analalamika na bado anachota. Watu wa namna hiyo hata huku wapo, sitaji mtu.

Mle bwawani aliishi Mama Perege, samaki wa kutosha kiganja tu. Desturi ya perege ni kulea watoto mdomoni. Hatari ikija, mama anafungua kinywa, watoto wanaingia wote, anafunga. Siku zote hizo mama hali kitu, maana akijisahau akala, atakula wanawe. Perege akayatazama maji, akaona yamebaki ya siku mbili. Akaogopa. Nasema wazi, aliogopa.

Jirani yake alikuwa Ngogo, samaki wa miiba mitatu: mmoja mgongoni, miwili mbavuni. Akiisimamisha hailali tena mpaka apende mwenyewe. Na maneno yake yalikuwa hivyo hivyo.

"Jirani," Perege akamwambia, "naenda kuzungumza na Mwari."

"Tangu lini chakula kikazungumza?"

"Tangu kilipokuwa na la kusema."

Akaogelea mpaka karibu na ukingo, si karibu sana. "Shikamoo, Bwana Mwari."

"Marahaba. Sogea, sikusikii vizuri."

"Utanisikia hapa hapa nilipo. Nimesikia tunakukera kwa tope."

"Mnanuka! Jana nimemla ndugu yako, nikasukutua mara tatu."

"Pole, bwana. Tunapumua tope, tutaacha kunuka tope? Lakini dawa ipo. Hata binadamu akimpata kambare wa tope, humweka kwenye pipa la maji safi akiwa hai. Kambare anapumua, tope linamtoka. Akishakufa, halitoki ng'o."

"Na mimi pipa nitalitoa wapi?"

"Unalo chini ya mdomo."

Mwari akajaribu kujitazama chini ya mdomo. Kwa ndege si kazi rahisi, lakini alijaribu.

Perege akaendelea. "Utuchote sote pamoja na maji yetu, tusife njiani. Utupeleke mtoni. Pale utuoshe mfukoni humo humo. Maji safi yaingie, machafu yatoke. Halafu ubane, uinue kichwa, ule."

"Nikifungua mdomo mtoni si mtatoroka? Unaniona mjinga mimi?"

"Mimi naosha wanangu mdomoni kila siku, na hatoroki mtu. Tazama."

Akawaita watoto, wakaingia kinywani, wote. Akafungua mdomo kidogo, akafunga. Akafungua kidogo, akafunga. Maji yakaingia mbele, yakatoka pembeni. Yakaingia mbele, yakatoka pembeni. Hakutoka mtoto hata mmoja. Mwari akainama mpaka pua karibu iguse maji.

"Ala! Mdomo mdogo namna hiyo! Sasa wangu je?"

"Wako, bwana, haufanani kabisa na wangu," Perege akasema alipokwisha kuwatoa watoto, na hakusema uongo.

Maana samaki ana mashavu yenye vifuniko, na ndani ya mashavu kuna vijino kama vya chanuo. Maji yanapita, mtoto anazuiwa. Haya niambieni, Mwari ana mashavu ya namna hiyo?

— Hana!

Ana nini?

— Mfuko!

Mfuko una tundu pembeni?

— Hauna!

Nyinyi mmejua, na hamjawahi kuwa ndege. Yeye ndege mzima hakujua, kwa sababu alikuwa akifikiria chakula. Akachota. Chubwi, wakaingia kumi. Chubwi, wakaingia wengine. "Wote, bwana," Perege akahimiza, "ukibakiza, wataliwa na korongo." Neno hilo lilimchoma Mwari. Akachota mpaka bwawa likabaki tope tupu. Ngogo akaingia akinung'unika kwamba hajapata kuona mtu anayewaongoza jirani zake mpaka mdomoni mwa adui. Perege akaingia wa mwisho, watoto kinywani.

Mwari akataka kuruka. Akakimbia, pa pa pa pa pa, akapiga mabawa, akaanguka kifudifudi. Maji ni mazito jamani, muulizeni anayebeba ndoo. Basi ikabidi atembee. Na miguu ya mwari ni ya kupiga kasia, si ya kutembea. Hatua, dabwa! Hatua, dabwa! Mdomo unaburuzika, maji yanamwagika kidogo, mfuko unaning'inia.

Nusu ya njia, samaki walivyorukaruka, wakamtekenya ngozi ya mfuko. Njaa ikamshika. Akasimama. Akasema moyoni, tope gani bwana, tope ni tope tu. Akaanza kubana mdomo kifuani. Chururu!

Mle ndani maji yakashuka. Samaki wakalaliana. "Sema naye!" Ngogo akafoka. "Sema naye, wewe uliyetuleta!"

Perege alimsikia. Lakini kinywa kilikuwa kimejaa wanawe. Akikifungua, watamwagika katikati ya ghasia ile ya mikia na miiba. Asipokifungua, watamezwa wote, wanawe wakiwa ndani ya mama yao. Chururu, maji yakashuka tena.

Akakifungua.

"Bwana Mwari! Mto huo hapo unauona, na wewe unakula tope! Tena aliye mlangoni pa koo lako ni Ngogo!"

Ngogo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakubisha. Akasimamisha miiba, tha! Mwari akahisi kitu kinamchoma palipoanzia koo. Akaacha kubana. Akainua mguu, dabwa. Akainua mwingine, dabwa. Watoto wa Perege walitawanyika mfukoni, mmoja huku, mmoja kule, na mama yao akizunguka bila kuweza kuwaita, kwani kelele zilikuwa nyingi.

Wakafika. Mwari akaingiza mdomo mtoni, akaufungua kidogo, kama alivyofundishwa. Lakini mdomo wa chini wa mwari ni vijiti viwili vyembamba vinavyopinda. Vikiguswa na mkondo, havina habari ya kidogo. Fwaa! Vikatanuka, mfuko ukajaa mto. Maji yaliingia mbele, na Mwari akatulia akingoja yatoke pembeni. Yakatoka pale pale yalipoingia.

Samaki akitaka kukimbia hujipinda kama ndoana, halafu hujinyoosha ghafla, na keshafika kwingine. Tap! Akatoka mmoja. Tap! Akatoka wa pili. Tap, tap, tap! Ngogo akalaza miiba, akapita, na hakusema asante.

Perege hakutoka. Akarudi ndani. Akachomoza midomo mbele, akatanua kinywa kwa ghafla, maji yakavutwa, fyup! Akaingia mtoto. Fyup! Wawili. Fyup! Akawafuata pembe kwa pembe, na Mwari akaanza kuuliza kwa nini mfuko umekuwa mwepesi. Mmoja alibaki, mdogo kuliko wote, kanasa kwenye mkunjo wa ngozi karibu na koo. Mdomo ukaanza kufungika. Perege akamwona. Akaenda ndani zaidi, kule asikokwenda samaki mwenye akili. Fyup! Akajipinda. Tap!

Kwap! Mdomo ukafungika, ukabaki na kipande cha pezi la mkia.

Perege akaogelea upandeupande mpaka kwenye majani ya ukingoni. Akafungua kinywa. Hawakutaka kutoka, wakabanana mle ndani kama wanaogopa hata mto. Akawangoja. Walipotoka, akawatazama wote, kisha akala. Alikuwa hajala tangu bwawa lilipoachwa na mto, na nawaambia, alikula akilia.

Na Mwari? Mwari ni mtu wa utaratibu. Alibana mdomo kifuani. Chururu, chururu, maji safi yakatoka. Akainua kichwa juu kabisa. Glup! Akakaa kidogo, akilambalamba.

"Kweli," akasema. "Hata tope halisikiki."

Hadithi yangu imezama hapo mtoni. Anayeitaka akaichote mwenyewe, mimi naenda kupika.

— Na funzo lake, bibi?

Funzo? Usafi, wajukuu zangu. Usafi ni jambo jema kuliko yote. Siku ile mle mtoni aliyeosha chakula chake vizuri alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyelala na njaa.

Haya, nendeni mkanawe mikono.