Mchonga Ngoma na Kidege Mla Nzi

Sogeeni, wajukuu. Mkiitikia nasimulia, mkinyamaza nami nanyamaza. Mpo? Haya. Zamani, zamani mto wetu ulipokuwa bado unatafuta njia, aliishi mchonga ngoma, jina lake Mbelwa, katika msitu wa bondeni.

Msitu ule ulikuwa na desturi. Kabla ya kukata mti, mchongaji alikaa chini yake asubuhi tatu, akikitazama kidege mla nzi. Ni kidogo, mngekifunika kwa kiganja. Kikimmeza nzi, kata. Kikimbeba nzi mdomoni kupanda juu, kina makinda: subiri.

Mbelwa akakaa asubuhi ya kwanza. Akakaa ya pili. Ya tatu akakiona: nzi mdomoni, kikapanda. Lakini mavuno yalikuwa karibu, na ngoma ya kijiji ilikuwa imepasuka.

"Vipi, mwanangu?" akauliza Bibi Mazoya, mtunza ngoma.

"Mti mtupu, bibi."

Mti ukaanguka. Kiota kilikuwa kama nusu ya limau, kimefumwa kwa utando wa buibui. Makinda wawili. Mbelwa akawafunika majani. Kwa mguu, wajukuu. Si kwa mkono.

Akachonga, akawamba. Siku ya mavuno ngozi ilikuwa haijakauka vizuri, nzi wakaijia. Na kidege kikaja. Kikatua ukingoni mwa ngoma, kikadaka nzi. Hakikummeza. Kikaruka naye hadi kule kulikokuwa na mti, kikazunguka, kikarudi. Tena. Na tena.

"Mbelwa we! Hata ndege wamekuja kukusifu!" watu wakashangilia.

"Huyu ndiye fundi! Si wale wanaochonga vinu wakaviita ngoma!"

Watu wakacheka. Mbelwa akatazama miguu yake.

Bibi Mazoya akampa kijiti. "Piga, fundi. Wewe wa kwanza."

Angepiga, nani angejua? Nawauliza, nani? Mkono ukakataa kuinuka.

"Bibi, mti haukuwa mtupu."

"Ulijua?"

"Nilikiona. Kilikuwa na nzi mdomoni."

Bibi hakumtukana. Alikichukua kijiti, akakitia mkobani. "Leo tutacheza kwa makofi. Ngoma yako itoboe ubavuni, ukaitundike msituni iwe kiota."

Akaitundika. Kila mwaka watoto walimuuliza, "Babu Mbelwa, kidege kimeingia?"

"Nyuki tu," alijibu, mpaka akazeeka.

Basi shikeni hili: aibu ya kukemewa hupoa, aibu ya kusifiwa kwa uovu wako hulala nawe kitandani. Kisa changu kimefika mlangoni. Anayekitaka akibebe, asiyekitaka anifungulie nipite.