Gari Lenye Nailoni Kwenye Siti

Hii nimeletewa na shemeji yangu, mtu ambaye salamu hatumi ila hadithi anatuma kila asubuhi. Nyingi nazifuta. Hii nimeiacha, nikapunguza tu maua na mikono ya maombi aliyokuwa ameijaza. Kama unafikiria kununua gari, isome mpaka mwisho. Kama hufikirii, mpelekee anayefikiria.

Tukuyu palikuwa na fundi wa makochi, jina lake Lugano. Kazi yake ilikuwa safi, na mdomo pia alikuwa nao. Mteja akija kuchukua kochi na kuomba liachiwe nailoni juu lisichafuke, Lugano aliichana hiyo nailoni mbele ya macho yake.

"Kochi ni la kukalia, mama," alikuwa akisema. "Ukilifunika hivi linatoka jasho, kitambaa kinaota ukungu. Unakiharibu kitu huku unajisifu unakitunza."

Watu walicheka, wakalipa, wakaondoka na kochi lililo wazi.

Mama yake Lugano, Bibi Tumpe, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguuni alikuwa na kidonda kilichogoma kufunga. Daktari alimweleza Lugano waziwazi. Kidonda kisafishwe hospitalini kila Jumanne na Ijumaa. Kisiingie matope. Bibi asitembee kwa mguu huo. Mkizembea, mguu unakatwa.

Sasa mvua ya Tukuyu wenye kuijua wanaijua. Kutoka kwa bibi mpaka hospitalini ni kilima na utelezi mtupu.

Lugano alikuwa na akiba ya miaka mingi, ameiweka ajenge vyumba vya kupangisha. Akasema vyumba vitasubiri, ananunua gari dogo la kumpeleka mama. Hapo mpeni haki yake. Alimpenda mama yake, na hakuna aliyemsukuma.

Magari yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la Mzee Asajile, fundi bomba mstaafu aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa bibi. Namba zake za zamani, siti ya nyuma imechanika, mlango mmoja haufunguki mpaka uubembeleze. Lakini injini ilikuwa nzima, na mzee alikuwa analiuza kwa bei ya kirafiki. La pili lilikuwa Mbeya mjini, dukani, jipya la kufungua karatasi, siti zote zimevalishwa nailoni ya kiwandani.

Mke wake, Atupele, akamwambia, "Baba Lusajo, chukua la mzee. Kwa barabara zetu hizi hutaumia roho likichubuka, na hela itakayobaki tutaanzia msingi."

"Mama yangu apande mtumba?" Lugano alikuja juu. "Amelima chai ya watu miaka ishirini ili mimi nisome. Atapanda gari ambalo hakuna mtu mwingine amelikalia."

Akaenda kwa Mzee Asajile kumpa jibu.

"Shikamoo, mzee. Gari nimeliona, lakini kusema kweli hilo ni la kubebea mbolea. Si la mama."

"Marahaba," mzee akasema. "Basi sawa." Akaendelea kupukuchua mahindi yake.

Gari jipya likafika, jamani, mtaa mzima ukatoka nje. Bibi Tumpe alilia kwa furaha. Jumanne ya kwanza Lugano alimshika mkono, akamwingiza, akamfunga mkanda mwenyewe. Nailoni hakuitoa. Alisema ataitoa gari likizoea.

Ijumaa kulikuwa na matope. Lugano akatandika gunia, juu ya gunia akaweka magazeti, kisha akamwomba mama avue kiatu na mguu wenye kidonda autie kwenye mfuko wa plastiki, maana kidonda kilikuwa kinachuruzika kidogo. Bibi akautia. Njia nzima aliushikilia mfuko ule kwa mikono miwili.

Jumanne iliyofuata mvua ilikuwa kubwa. Lugano akasimama barazani kwa mama, akaitazama barabara, akaitazama bampa.

"Mama, leo njia mbaya. Nimekulipia bodaboda, anakuja sasa hivi."

"Sawa, mwanangu," bibi akasema.

Ijumaa ilikuwa hivyohivyo, na Jumanne baada yake. Lugano alimlipa yule wa bodaboda kwa simu, kila safari, bila kukosa. Gari likalala kibandani chini ya turubai, likatolewa Jumapili kwenda kanisani kama jua limewaka. Atupele alisema mara moja, akasema mara ya pili, kisha akanyamaza. Mnisamehe, lakini mimi msomaji hapa nilitaka kumchapa mtu kofi.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja Bibi Tumpe akamwambia mwanawe kwamba Ijumaa daktari atasema kama mguu unakatwa au unabaki, na anataka kuongea na ndugu. Ijumaa hiyo jua lilikuwa kali na barabara imekauka. Lugano akatoa gari. Alipopita kwa mama alimkuta ameshaondoka, akaenda peke yake.

Alikaa kwenye benchi la korido, ufunguo wa gari mkononi. Baada ya muda muuguzi akatoka na faili.

"Ndugu wa Bibi Tumpe yuko wapi?"

Lugano akasimama. "Mimi hapa."

Muuguzi akamtazama juu mpaka chini. "Siyo wewe, kaka. Namtaka yule mwenye gari."

"Mimi ndiye mwenye gari, dada. Na Bibi Tumpe hana mtoto mwingine, niko peke yangu."

"Haya. Dawa ya kidonda tuliyombadilishia mwezi uliopita inaitwaje?"

Lugano akautazama ufunguo mkononi.

"Na ile ya kwanza tuliiacha kwa nini?"

Kutoka mwisho wa benchi, pale alipokuwa amekaa mtu mwenye kofia ya sufu, ikasikika sauti: "Ilimtoa vipele, binti yangu. Kadi ninayo hapa."

Alikuwa Mzee Asajile. Kadi ya kliniki aliitoa kwenye mfuko wa shati. Kwa nyuma, pale panapoandikwa jina la mtoto au ndugu wa karibu, palikuwa na jina lake na namba yake ya simu.

Ikajulikana yote hapohapo koridoni. Jumanne ile ya kwanza ya mvua, mzee alimkuta Bibi Tumpe pembeni mwa njia, ameshushwa baada ya bodaboda kuteleza, bandeji imelowa tope. Akampakia. Tangu siku hiyo akawa anampitia kila Jumanne na kila Ijumaa, na bibi akawa anamrudisha yule wa bodaboda bila kumwambia mwanawe. Bei hawakupatana, hata neno hilo halikutajwa. Kuliuza lile gari mzee aliacha, akasema sasa lina kazi.

Daktari akatoka mwenyewe. Alimpa mkono Mzee Asajile.

"Mzee, hatukati. Kidonda kinafunga. Mmalizie wiki tatu za kusafisha. Bila wewe mguu huu tungekuwa tumeshauzika."

Kwa Lugano alitikisa kichwa tu, salamu ya mtu asiyemjua.

Usimuulize Lugano alifikaje nyumbani, hata yeye hakumbuki. Alienda moja kwa moja kibandani, akavuta turubai, akachana nailoni ya siti ya mbele, ile aliyonunuliwa mama. Chini yake kitambaa kilikuwa na madoa ya kijani. Ukungu. Siti imekaliwa mara mbili na mama, Jumapili chache na mkewe, na imeshaoza. Akakaa pale juu ya lile doa, mtu mzima na ndevu zake, akalia mpaka Atupele akamletea maji.

Jumanne akaamka mapema. Siti alikuwa amezisugua, nailoni hakuna, gunia hakuna. Mvua ilikuwa inaanza. Akafika mlangoni kwa mama na kuona gari la Mzee Asajile limeshasimama, linanguruma.

Bibi Tumpe akatoka na fimbo yake na kikapu cha maparachichi ya wauguzi. Akayatazama magari mawili. Kisha akaenda kwenye lile lenye namba za zamani, akaubembeleza mlango, akaingia.

"Mama," Lugano akasema, "leo nimekuja mimi."

"Nimekuona, mwanangu. Panda nyuma, nafasi ipo."

"Na gari langu?"

"Lifunike," bibi akasema. "Si unaona mvua?"

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana neno hilo liliingia mpaka kwenye mfupa.

Lugano akapanda nyuma, akakaa pale palipochanika, kikapu mapajani. Njia nzima hakuna aliyemsema. Yeye mwenyewe alikuwa anapima ule mpasuko kwa vidole, kama fundi anavyopima. Kabla ya Ijumaa, ile siti ilikuwa imeshonwa upya, sponji mpya, kitambaa kizuri kuliko cha lile gari lake. Ijumaa ya wiki ya tatu, ya mwisho ya kusafisha, Mzee Asajile alijisingizia mafua. Siku hiyo bibi alipanda gari la mwanawe na viatu vyake miguuni, vyenye matope yake yote.

Funzo: Kabla hujauliza gari ni jipya au limetumika, jiulize kama utakubali litumiwe na yule unayesema unamnunulia. Kama hutakubali, jua umejinunulia mwenyewe.